Usipeleke gari kupimwa moshi siku uliyorudisha betri

Magari ya huku kwetu pwani hufunguliwa betri mara nyingi. Malindi kuna nyumba za msimu ambazo wenyewe huondoka masika yakikaribia, wengine warudi Julai, wengine Desemba, na mlinzi hufungua waya wa hasi ili betri isife. Wa Lamu huacha gari Mokowe na kuvuka kwa boti, na wakijua watakaa wiki mbili tatu, nao hufungua. Halafu kuna chumvi ya bahari. Upepo wa kusi hauachi chuma salama, vichwa vya betri huota ungaunga wa kijani na mweupe, na fundi hulazimika kufungua asafishe. Gari likiwashwa baada ya hapo linakwenda, taa ya injini haionekani kwenye dashibodi, na mwenye gari anaona kila kitu ni sawa. Kumbe ndani ya kompyuta kurasa zimefutwa.

Kompyuta haisahau kila kitu. Programu yake ya kiwandani inabaki. Kinachopotea ni kile ilichojifunza kuhusu gari hilo hasa: masahihisho ya mafuta, yaani kiasi inachoongeza au kupunguza, nafasi ya kipepeo cha hewa injini inaponguruma gari limesimama, misimbo ya hitilafu iliyokuwa imehifadhiwa, na matokeo ya vipimo ambavyo kompyuta hujipima yenyewe. Vipimo hivyo mafundi tunaviita monita. Tatu kati yake hufanya kazi muda wote injini ikiwaka: cha kukosa moto kwenye silinda, cha mfumo wa mafuta, na cha vifaa vya umeme kwa jumla. Hivi havisumbui. Vinavyosumbua ni vile vinavyosubiri hali maalumu ndipo vianze: cha katalitiki, yaani lile buyu la chuma kwenye ekzosi linalosafisha moshi, cha sensa za oksijeni, cha hita za sensa hizo, cha EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na cha mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi. Betri ikifunguliwa, vyote hivi hurudi kwenye hali ya "bado".

Marekani, ambako mfumo wa OBD 2, yaani huu wa kompyuta ya gari kujipima yenyewe, ni wa lazima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, majimbo mengi yanayopima moshi huchomeka mashine kwenye soketi ya gari na kusoma monita. Kwa gari la petroli la mwaka 2001 kuja mbele, mwongozo wa serikali yao huruhusu monita moja tu iwe bado. Zikiwa mbili, gari linarudishwa hata kama halitoi moshi hata kidogo. Kwetu kipimo cha moshi ni cha bombani: ncha ya mtambo huingizwa kwenye ekzosi, inasoma kaboni monoksaidi na haidrokaboni, na kwa dizeli inapima weusi wa moshi. Kwa sababu hiyo wengi husema monita hazituhusu. Zinatuhusu sana. Kompyuta iliyofutwa huanza kuchanganya mafuta na hewa kwa kukisia, na kama pampu imechoka au kuna mahali panapovuta hewa, masahihisho yake hayajatulia. Ngurumo hupanda na kushuka, na gari linalopanda na kushuka ndilo linaloanguka kwenye kipimo. Pili, monita ya katalitiki ikikamilika bila msimbo, umeshajua hali ya katalitiki kabla hujalipia ukaguzi.

Kazi huanza kabla ya spana kugusa betri. Chomeka skana, yaani mashine ya kusomea kompyuta ya gari, soma misimbo yote, pamoja na ile ya kusubiri ambayo haijawasha taa, na uiandike. Soma pia masahihisho ya muda mrefu ya mafuta. Yakiwa ndani ya asilimia 10, juu au chini ya sifuri, injini inapumua vizuri. Yakifika 15 au 20 juu, gari linavuta hewa isiyopimwa au halipati mafuta ya kutosha, na kufungua betri hakutatibu kitu, kutaficha tu. Hili ndilo kosa tunaloliona kuliko yote: taa ya injini inawaka, mtu anafungua betri dakika kumi, taa inazimika, anashukuru. Alichofuta ni ushahidi. Ugonjwa upo palepale na utarudi ndani ya safari mbili, kwa sababu kompyuta nyingi hutaka kuona kosa lilelile mara mbili mfululizo ndipo ziwashe taa.

Ukifungua, anza na hasi, malizia na chanya. Ukirudisha, chanya kwanza. Toyota na Nissan nyingi zinataka spana namba 10. Kwa ule unga wa kijani, koroga kijiko cha magadi kwenye glasi ya maji ya moto na umwagie polepole juu ya vichwa; utaona povu linachemka, asidi inakufa. Hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa, magadi yasiingie ndani. Suuza kwa maji safi, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha pakaa grisi nyembamba juu. Kupakaa grisi kabla ya kukaza ni kuiba njia ya umeme.

Ikiwa lengo ni kubadilisha betri tu, huna haja ya kufuta chochote. Kuna waya wa kushikilia kumbukumbu: betri ndogo ya volti 12 inaunganishwa kwenye soketi ya OBD, chanya kwenye pini ya 16 na hasi kwenye pini ya 4. Jambo moja tu la kuogopa: ukiwa umeunganisha hivyo, ule waya wa chanya ulioufungua bado una moto. Ukigusa bodi, fyuzi inakwenda, na ikiwa bahati mbaya zaidi, kompyuta. Uvishe kitambaa kikavu au kipande cha mpira wa tairi mara tu unapoutoa.

Betri yenyewe ipimwe. Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 inavumilika, 12.0 imekwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, jenereta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Betri dhaifu ni adui wa monita kwa njia ya kimya: kila asubuhi inaposhuka sana kwenye stata, kompyuta nyingine hujifuta upya, na dereva anashangaa amezunguka wiki nzima bila monita hata moja kukamilika. Na kile kidude cha bluetooth cha kusomea, usikiache kimechomekwa gari likilala. Kinakunywa umeme usiku kucha.

Baada ya kurudisha betri, magari hayafanani. Toyota nyingi huhitaji tu kuachwa zingurume dakika kumi hivi, taa na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, ngurumo itulie. Honda nyingi zinataka zishikiliwe mzunguko wa 3,000 bila mzigo mpaka feni ya rejeta iwake, kisha ziachwe zingurume dakika tano bila kugusa mafuta.

Nissan ndiyo inayotesa watu, hasa baada ya kusafisha throto bodi, yaani nyumba ya kile kipepeo cha hewa. Ngurumo inakaa mzunguko 1,500 na haishuki, na mwenye gari anaambiwa anunue throto nyingine. Asinunue. Kwanza, bila kuwasha injini, acha mguu mbali na pedali, fungua swichi sekunde mbili, funga sekunde kumi, fungua tena mbili, funga tena kumi. Hapo kompyuta imejua pedali ikiachiwa iko wapi. Katika zile sekunde kumi sikiliza chini ya boneti: kipepeo cha throto husogea na kutoa sauti ndogo ya mota, na hicho nacho ni kujifunza mahali pa kufunga. Halafu washa injini mpaka kulanti, yale maji ya kupoza injini, ipite nyuzi 70. Gari liwe P au N, usukani umenyooka, taa, feni na kiyoyozi vyote vimezimwa, betri iwe juu ya volti 12.9 injini ikiwaka. Zima, subiri sekunde kumi. Fungua swichi bila kuwasha, hesabu tatu, kanyaga pedali mpaka chini na uiachie mara tano ndani ya sekunde tano. Hesabu saba, kanyaga mpaka chini na ushikilie kama sekunde ishirini. Taa ya injini itaanza kupepesa, kisha itasimama bila kupepesa. Ndani ya sekunde tatu tangu isimame, achia pedali na uwashe injini. Iache ingurume sekunde ishirini na utaona mshale unateremka wenyewe mahali pake. Ikigoma, kosa karibu kila mara ni hesabu ya sekunde. Tumia saa ya simu, usikisie kichwani. Ikigoma mara tatu, tafuta mahali panapovuta hewa kwenye mipira ya manifoldi.

Sasa thamostati, yaani mlango mdogo unaozuia kulanti kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Hapa lazima tukae kidogo, maana ndipo magari mengi ya pwani yanapokwama. Kuna imani iliyoenea kwamba kwa kuwa Malindi kuna joto, thamostati haina kazi, na fundi huitoa ili gari "lisichemke". Fungua kikombe cha thamostati cha Probox yoyote iliyopita mikono mitatu na usishangae ukikuta mpira peke yake. Matokeo yake ni kwamba kulanti inazunguka muda wote na, ukiwa barabarani kwa kasi, injini inakaa nyuzi 65 au 70. Kompyuta inaamini injini haijapata moto. Inaongeza mafuta, moshi unachafuka, na monita ya katalitiki haianzi kamwe, kwa sababu Toyota nyingi zinataka kulanti ifike angalau 75. Unaweza kuendesha gari hilo mpaka Garsen na kurudi, bado ni bado. Katika magari mengine utakuta msimbo P0128, unaosema injini haifiki joto linalotakiwa.

Kupima thamostati hakuhitaji mashine. Itungike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Ya injini ya 1NZ, ile iliyomo kwenye Probox nyingi, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 mlango wake uwe umefunguka zaidi ya milimita 8. Ikifunguka mapema au ikibaki wazi baada ya kupoa, itupe. Na gari likichemka ukiwa umerudisha thamostati nzuri, tatizo ni rejeta iliyoziba kwa maji ya kisima yenye chumvi, au feni, au kifuniko cha rejeta. Hayo ndiyo ya kutengeneza.

Baada ya hapo ndipo safari ya kufundisha kompyuta. Tangi liwe kati ya robo na robo tatu, kwa kuwa monita ya mvuke, kwa magari yaliyo nayo, hukataa tangi lililojaa au lililokaribia kukauka. Gari lilale kwa muda wa saa nane bila kuwashwa, nje ya jua. Hili la kulala si mapambo. Kompyuta hulinganisha joto la kulanti na la hewa inayoingia. Yakikaribiana, tofauti ya nyuzi sita au saba hivi, ndipo inapokubali kwamba injini imepoa kweli. Kwa kipimo cha mvuke magari mengi huweka pia kikomo cha joto la kuanzia, karibu nyuzi 35. Wakati wa kaskazi, gari lililoegeshwa juani Malindi saa saba mchana limeshapita hapo kabla halijawashwa. Kwa hiyo wakati wa kazi hii ni alfajiri, watu wakitoka msikitini, hewa ikiwa bado na ubaridi na barabara haina tuktuk.

Washa bila kukanyaga mafuta, acha lingurume dakika mbili hadi tatu. Hapo hita za sensa za oksijeni zinapimwa. Endesha mjini kwa upole, kati ya 40 na 60, mpaka joto lifike mahali pake. Kisha toka. Njia ya Gede inafaa, kama kilomita 15, lakini ina matuta kwenye vituo na kila tuta linakata kipimo. Sisi huona njia ya kaskazini ni bora zaidi: ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui kuna vipande virefu vilivyonyooka. Angalizo ni malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni, ambayo hupita na kasi na hayapendi gari linalopunguza mwendo ghafla mbele yake.

Panda mpaka 80 au 90 na ushikilie mguu mahali pamoja dakika kumi. Matatu isizidi 80, ambayo ndiyo sheria yake na inatosha. Kushikilia ndiko kunakotakiwa. Anayekanyaga na kuachia anaanzisha kipimo upya kila mara. Halafu achia mafuta kabisa, gari likiwa ndani ya gia, bila breki wala klachi, mpaka mwendo ushuke 30 hivi. Angalia kioo cha nyuma kwanza. Rudia mara tatu au nne.

Madereva wetu wengi wakiona mteremko huingiza fri kwa kuamini wanabana mafuta. Katika fri injini inaendelea kunyunyiza mafuta ili isizime. Ndani ya gia, mguu ukiwa juu, kompyuta inakata mafuta kabisa, hewa tupu inapita kwenye ekzosi, na sensa ya nyuma inaona oksijeni nyingi kwa ghafla. Kwa kuangalia sensa inavyoshuka kwa haraka gani, kompyuta inajua kama ni nzima. Ukiwa fri, haioni chochote, na monita ya sensa inabaki bado hata uende mara mia.

Ukirudi mjini shuka mpaka 60 kwa dakika saba hivi bila kusimama, ambapo katalitiki za Toyota nyingi humalizia kipimo chao. Kama sensa za oksijeni bado, Toyota za zamani kidogo zina dawa yake: ngurumo ya dakika mbili, kisha endesha zaidi ya 40 kwa sekunde hamsini, simama ukingurumisha sekunde arobaini, na urudie mara kumi. Barabara yoyote tulivu inatosha.

Usizime kwanza. Chomeka skana, soma monita. Kioo kitaonyesha kila moja: imekamilika, bado, au haipo. "Haipo" si kosa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi kwetu, hayana baadhi ya monita ambazo magari ya Marekani yanazo, hasa ya mvuke. Anayekuahidi "kuiwasha" monita isiyokuwepo anakula pesa yako. Soma pia misimbo ya kusubiri. Monita inaweza kukamilika na papo hapo ikaacha msimbo wa kusubiri, maana yake gari limefanya mtihani na limeanguka mara ya kwanza. Ukiuona P0420, unaosema katalitiki haisafishi inavyotakiwa, kabla hujailaumu, tafuta tundu la ekzosi kati ya injini na sensa ya nyuma. Pwani ekzosi huoza kwenye maungio, na hewa inayovuta hapo huidanganya sensa. Washa injini ikiwa baridi na upitishe mkono karibu na kila ungio, bila kugusa, utasikia pumzi. Kwa P0455, unaosema mvuke wa petroli unavuja sana, anza na kifuniko cha tangi, kikaze mpaka kilie, na uangalie mpira wake kama umepasuka.

Alfajiri moja mara nyingi haitoshi. Siku tatu hadi saba za matumizi ya kawaida, pamoja na safari hiyo mara mbili, ndicho kipimo tunachokiamini. Hakuna skana, hata ya bei ghali, inayoweza kuandika "imekamilika" kwenye kompyuta bila gari kutembea, isipokuwa anayefanya hivyo amechezea programu.

Haya yote yanamfaa pia mtu anayenunua gari la mkononi. Dashibodi safi isikutulize. Uliza skana mambo mawili: kilomita tangu misimbo ifutwe, na mara ngapi injini imepata moto tangu hapo. Ukikuta kilomita 6, mara 1, na monita zote bado, betri imefunguliwa au misimbo imefutwa asubuhi ileile. Huenda kuna sababu njema, betri mpya kwa mfano. Mwambie muuzaji utarudi baada ya siku tano na alitumie kama kawaida. Magari ya soko la Marekani ya kuanzia mwaka 2010 huhifadhi pia msimbo wa kudumu ambao haufutwi kwa skana wala kwa kufungua betri. Unajifuta wenyewe monita yake ikikamilika na kupita.

Siku ya kupimwa, fika gari likiwa limetembea angalau dakika ishirini, na foleni ikiwa ndefu usizime. Katalitiki haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na ikingurumishwa nusu saa hupoa. Zikibaki gari mbili mbele yako, shikilia mzunguko 2,500 kwa dakika tatu ukiwa P au N, zima kiyoyozi, kisha achia ngurumo itulie kabla ncha haijaingizwa.